Vijiti Vilivyoota Kalembe

Vitu vya kazi nilivirudisha siku ya Ijumaa: arozwari mbili za kumwagilia, jembe, kamba ya kunyooshea mistari, na daftari la bustani. Mtunza depo alitaka pia kijiti changu cha kupandia, kwa sababu mtu fulani aliwahi kukiandika kwenye orodha. Nilimwambia hicho si cha huduma ya kilimo, nikakitia mkobani mbele ya macho yake. Alinitazama, akafuta mstari ule kwa kalamu nyekundu, tukaagana vizuri.

Sasa niko nyumbani Muheto, magoti yananidai miaka yote niliyopiga magoti matopeni, na ninyi mnaoanza kazi mmeniomba niwaandikie. Mmeniambia niandike "uzoefu". Vyeo nilivyopata sitavitaja, vilikuwa vichache na vyote vilikuja na ripoti nyingi zaidi. Nitawaandikia juu ya miche, na juu ya kosa moja ambalo hakuna aliyelitaja kwenye ripoti, hata mimi.

Siku yangu ya kwanza ilikuwa Masisi, kwenye bonde la chini ya mji, mwanzo wa kiangazi. Nilikuwa na diploma ya kilimo, buti mpya, na kiburi cha kutosha wilaya nzima. Nilipewa miche mia mbili ya shu, yaani kabichi kama wanavyosema wenzetu wa mbali. Nikaipanda yote saa sita ya mchana, kwa kamba, mistari imenyooka hadi nikarudi nyuma kuitazama. Saa tisa miche yote ilikuwa imelala chini.

Papa Kambale ndiye aliyekuwa mkuu wa kitalu. Alikuwa Mnande wa upande wa Butembo, aliyekuja Masisi kuuza mbegu za vitunguu na za poro, ile ndugu ya kitunguu, dukani, kisha akaona watu wanaua mbegu zake kwa kutojua, akaacha duka na kuja kufundisha. Alikuwa Mkatoliki wa kufanya ishara ya msalaba kabla ya kufungua kila pakiti ya mbegu. Alipita katikati ya mistari yangu, mikono mgongoni.

"Mistari iko muzuri," akasema. "Kama kaburi za masista."

"Papa, nilimwagilia!"

"Ndiyo, ulimwagilia. Lakini weye, bakutoshe mu kitanda saa sita, bakutupe inje mu jua, utatafuta maji ao utatafuta kivuli?"

Nilitaka kulia. Aliona, kwa hiyo akapiga magoti kando yangu na kunionyesha. Alichimbua mche mmoja uliokuwa na uhai kidogo na kuushika kwa jani, vidole viwili, kama mtu anayeshika sikio la mtoto mchanga. "Usishike shingo," alisema. "Jani ikikatika, itaota ingine. Shingo ikivunjika, njo basi." Tangu siku ile sijawahi kushika mche kwa shina, na nikimwona mtu akifanya hivyo mwili wangu wote unaumia.

Mengine alinifundisha kwa miaka sita. Pandeni jua likiwa linashuka, ili mche upate usiku mzima wa kuzoea. Mwagieni shimo kwanza, halafu mche, halafu tena kidogo. Msiamini udongo wa juu, ingizeni kidole hadi kwenye kiungo cha pili, hapo ndipo mtajua kama mche una kiu. Tandikeni nyasi kavu kuzunguka shina lakini zisiliguse. Na kivuli, kivuli, kivuli, siku kumi za kwanza. Siku ya kumi na moja nendeni asubuhi mkatazame jani la katikati. Likiwa limesimama na lina rangi changa, mizizi imeshika, mnaweza kupumua.

Alipozeeka alirudi kwao. Aliniachia kijiti chake cha kupandia, kilichochongwa kutoka mpini wa jembe uliovunjika, kimeng'aa kwa mkono wake. Ndicho hicho nilichobishania depo.

Halafu vita ikatufikia, na kazi ikageuka. Kabla ya hapo tulikuwa na wakulima na mashamba yao. Sasa tulikuwa na watu waliokimbia, wanalala kwenye vibanda vya majani kando ya vijiji vya wengine, na sisi tulitakiwa kuwapandisha mboga kwenye mabonde wakati wa kiangazi, kwa sababu msaada wa unga ulikuja siku ulipotaka. Sikilizeni ugumu wake. Mche unataka mtu mmoja abaki mahali pamoja wiki kadhaa. Kitu hicho hasa ndicho ambacho hakuna aliyekuwa nacho.

Nilitumwa Kalembe, pale Masisi inapokutana na Walikale. Wanawake walikuwa kumi na tisa. Nitawatajia mmoja tu, Mama Sifa, maana wengine wote walimtazama yeye kabla ya kunijibu. Alikuwa mwanamke wa msituni, wa Walikale, mkubwa kuliko mimi kwa miaka kama kumi. Mume wake alikuwa mwindaji, alifia njiani katika mkimbio wa pili. Alikuwa na mjukuu mmoja wa kike mgongoni na sufuria moja. Alisema kidogo, lakini siku ya kwanza alinifuata hadi kwenye mto nilipokuwa nanawa.

"Mama Agro," akasema, yaani mama wa kilimo, kwani jina langu halisi hakuna aliyelitumia, "nikuulize kitu. Mimi nimekimbia mara ine. Kila mahali nilipanda. Kuvuna, hata siku moja. Hii ya sasa tutakula sisi, ao tunapandia bengine?"

Mtu mwenye akili angesema Mungu ndiye anayejua. Mimi nilisema, "Mutakula." Nilisema kwa sababu aliuliza bila kulalamika, kama mtu anayeuliza njia, nami sikuweza kuvumilia jambo lile. Sikuwa na haki yoyote ya kuahidi. Kuanzia dakika ile bustani ile haikuwa tena mradi wa huduma, ilikuwa neno langu kwa Mama Sifa.

Bonde lilikuwa la Papa Bauma, Muhunde wa pale pale, mzee mkavu mwenye ng'ombe watatu waliobaki kati ya wengi, na mguu mmoja uliovunjwa na ng'ombe zamani ukapona vibaya. Alikubali kuwapa wanawake bonde lile bure kwa kiangazi kimoja. Alitoa sharti moja tu, na alilisema mbele ya mkuu wa kijiji na wanawake wote.

"Mulime chakula ya kuvuna. Musipande kitu ya kubaki. Mukimaliza, munaniachia udongo yangu vile iko."

Kwetu hilo linaeleweka bila maelezo. Maharagi, lengalenga, shu, vitunguu, hivyo ni vya mgeni, vinaliwa na kwisha. Mgomba na mti ni vya mwenyeji. Mgeni akipanda mti, amesema shamba ni lake, hata kama hajafungua mdomo. Watu wameuana kwa ajili ya migomba mitano. Mimi mtoto wa Muheto nililijua hilo tangu utoto, na bado nilifanya nilichofanya.

Tulisia mbegu. Kitalu kilihitaji paa la kivuli, nikaagiza nguzo za matete makavu. Baada ya siku mbili matete yote yalikuwa yamekwenda. Katika kambi ya watu waliokimbia kitu chochote kikavu ni kuni, na hakuna mama atakayeacha sufuria baridi kwa ajili ya kivuli cha kabichi. Tukaweka mengine, yakaenda. Ndipo nikapata wazo ambalo lilinifurahisha sana. Nilisema tukate vijiti vibichi vya mti wa muvumu, vile vya kwenye nyua za malisho, kwa sababu kijiti kibichi hakiwaki, na kisichowaka hakiibwi.

Mwanamke mmoja aliniuliza, "Mama Agro, hii ya kijani?"

"Hiyo hiyo," nikasema.

Hakuuliza tena. Wao walikuwa wageni na mimi nilikuwa mtu wa diploma. Sasa, hapa Masisi nani hajui kwamba muvumu ukikata tawi lake na kulichomeka ardhini, linashika? Ndiyo maana watu wanaupanda kwenye mipaka ya malisho na mbele ya nyumba, ndiyo mti wa kusema hapa pana mwenyewe. Nilijua. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye miche, na vijiti kwangu vilikuwa nguzo tu. Tulichomeka vijiti arobaini, pande zote za kitalu na za matuta, tukaweka majani ya migomba juu, na kwa wiki tano tukamwagilia asubuhi na jioni. Nilikuwa naimwagilia kesi yangu mwenyewe.

Miche ilipofika majani manne tuliihamishia kwenye matuta. Kila mwanamke alipata tuta lake. Niliwafundisha kushika kwa jani, na Mama Sifa alishika vizuri kuliko mimi. Alikuwa akiongea na kila mche kwa lugha ya kwao, taratibu. Nilimuuliza anasema nini. "Nabiambia jina ya mahali," alijibu. "Bisione bimepotea."

Siku ya nne baada ya kupandikiza, Papa Bauma akateremka bondeni na fimbo yake. Alisimama. Mimi nilimsogelea nikitabasamu, nikitegemea sifa. Ndipo nikafuata macho yake, na kwa mara ya kwanza nikaona kilichokuwa mbele ya macho yangu siku nyingi. Kila kijiti kilikuwa kimechipua. Majani madogo, laini, yanang'aa, mistari miwili mizuri ya muvumu ikizunguka bonde lake lote. Mistari ilikuwa imenyooka pia, maana nilitumia kamba.

"Munajenga mugini hapa?" akauliza, yaani kijiji. Sauti yake ilikuwa ndogo, na hiyo ndiyo iliyoniogopesha.

Nilieleza. Nilizungumza juu ya matete, kuni, kivuli, mvuke wa maji kwenye majani, nikatumia hata maneno ya Kifaransa ya shuleni. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyofunga. Alisema bustani imekwisha. Kesho asubuhi anafungulia ng'ombe waingie.

Miche ilikuwa na siku nne. Ingetolewa pale isingeshika popote. Nilisimama nikiwa na arozwari tupu mkononi, na nawaambia kweli, nililia mbele ya wanawake kumi na tisa, kitu ambacho mtu wa huduma hatakiwi kufanya.

Mama Sifa hakulia. Alimpa mwenzake mjukuu, akasogea mbele ya Papa Bauma na kuinama kidogo.

"Papa, kosa iko yetu. Leo tunangoa. Weye uikale hapa, uone kwa macho yako."

Akalaza jembe chini, mpini wake uwe kiti cha mzee, akarudi kwenye tuta la kwanza. Alichimba kuzunguka kijiti kwa vidole, akakitoa polepole ili mizizi isivute mche wa jirani, akakipeleka kwa mikono miwili mbele ya Papa Bauma, mizizi ikining'inia, amwoneshe kwamba hakuna kilichobaki ardhini. Akakiweka chini. Akarudi kwa cha pili. Wanawake wengine wakaelewa, wakafuata. Mkuu wa kijiji aliitwa kuwa shahidi. Kazi ilichukua mchana mzima, vijiti arobaini, kimoja kimoja, na Papa Bauma alivitazama vyote. Mwishoni tulivibeba hadi uani kwake na kuvirundika nyuma ya zizi, kwenye samadi.

"Ng'ombe bataikala mu zizi," akasema tu, akaingia ndani.

Bustani ilipona, lakini bila kivuli. Ilibaki siku sita za jua kali kabla mizizi haijashika. Asubuhi ya kesho yake niliwakuta wanawake wote wameketi kwenye matuta yao. Kila mmoja alikuwa amekuja na matete mawili makavu na kikwembe chake cha pili cha kujifunga, na asiye na cha pili aliazima. Walitandaza vikwembe juu ya miche kuanzia saa nne hadi saa tisa, wao wenyewe wakiketi juani, halafu wakavua kila kitu na kurudi nacho kambini. Hakuna aliyeniomba ruhusa. Nimehudhuria mafunzo mengi ya hoteli huko Goma na sijawahi kuona mbinu bora kuliko ile. Vikwembe vilikuwa vya maua, vya ndege, vya picha za sherehe za kanisa, na chini yake miche inakunywa kivuli.

Papa Bauma alikuwa akipita juu ya kilima na ng'ombe wake. Siku ya tatu niliona amesimama muda mrefu. Siku ya saba jani la katikati lilisimama kwenye tuta la Mama Sifa. Nilimwonyesha. Aligusa jani lile kwa mgongo wa kidole, akacheka, na ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yake.

Miche ilikua. Mwezi ukapita na zaidi. Shu zikaanza kukunja vichwa, ngumi ya mtoto kwanza, kisha ngumi ya mtu mzima. Mama Sifa alikuwa akizibonyeza kila asubuhi. "Bado laini," alikuwa anasema. Ilibaki kama wiki tatu.

Risasi zilisikika siku ya Jumanne, upande wa juu ya kijiji, watu wakiwa bondeni. Mnajua jinsi inavyokuwa, hakuna anayetangaza, kila mtu anaona tu kwamba mwingine anakimbia. Nilipiga kelele wanawake watoke. Wote walitoka isipokuwa Mama Sifa. Alikuwa amechota bido, yaani dumu, la maji mtoni na alikuwa anamimina kwenye tuta lake, shina kwa shina, bila haraka.

"Mama Sifa, twende!"

"Asubuyi bilikunywa kidogo," akasema.

Nilimvuta mkono. Alimimina yote yaliyobaki kwenye shina la mwisho, akaacha bido, tukakimbia. Njiani, kuelekea Masisi, alitembea nyuma yangu saa nyingi. Kisha akasema kwa upole, ili nisiumie, "Njo ya tano sasa," yaani mkimbio wa tano. Ningependa angenitukana.

Tulikaa Masisi kwenye ukumbi wa parokia siku ishirini na mbili. Mvua ilichelewa mwaka ule. Kila asubuhi nilitoka nje kutazama anga, na kila asubuhi ilikuwa safi, buluu, mbaya. Nilifanya hesabu ambayo kila mtu wa kazi hii anajua kuifanya. Kabichi inayokunja kichwa, udongo wa bonde, jua la mwisho wa kiangazi: bila maji itaishi siku nane, labda kumi. Nilijua nilichokuwa nikienda kukiona. Barabara ilipofunguka nilitaka kwenda peke yangu kwanza, lakini Mama Sifa alikuwa ameshajifunga mtoto.

Kalembe ilikuwa karibu tupu. Vibanda kadhaa vilikuwa vimechomwa. Tulishuka bondeni, mimi mbele kwa sababu sikutaka aone kabla yangu.

Bustani ilikuwa ya kijani.

Nilisimama, sikuelewa. Shu zilikuwa na vichwa, vizito, vimejifunga. Baadhi ya majani yalikuwa na madoa, yale yanayokuja ukimwagilia kwa ovyo jua likiwa kichwani, na kwenye matuta mengine udongo ulikuwa umechimbika kwa maji ya kumwagwa kwa nguvu. Ilikuwa kazi ya mtu asiyejua kabisa. Na ilikuwa imefanywa kila tuta, matuta kumi na tisa. Kati ya matuta, kwenye matope, kulikuwa na alama za mguu mmoja na fimbo, mguu mmoja na fimbo, kutoka mtoni na kurudi.

Papa Bauma hakuweza kukimbia, kwa ule mguu. Tulimkuta ameketi upande wa chini, amekonda, bido la Mama Sifa kando yake. Alipotuona alisimama haraka na kutazama pembeni, kama aliyekamatwa.

"Natafuta ng'ombe," akasema. "Moja ilipotea."

"Ndiyo, Papa," nikasema. Ng'ombe wake wote watatu walikuwa wamechukuliwa, tuliambiwa njiani.

Mama Sifa alikuwa ameshafika kwenye tuta lake. Alipiga magoti na kushika kichwa cha shu kwa mikono miwili, akakibonyeza. Hakukikata bado. Alikuwa akitazama kitu kwenye ncha ya tuta. Nami nikasogea nikaona. Kijiti kimoja cha muvumu kilikuwa kimesimama pale, kimenyooka, na nyasi kavu zimetandikwa kuzunguka shina bila kuligusa, kama Papa Bauma alivyokuwa akituona tukifanya.

Vijiti vile tuliving'oa mbele yake vyote arobaini, mkuu wa kijiji akashuhudia, tukavirundika nyuma ya zizi lake. Hakuna kilichobaki bondeni, yeye alijua, nasi tulijua.

Papa Bauma alikuja akichechemea, akasimama nyuma yetu. Alikohoa.

"Ile siku mulingoa," akasema, "mulisahau moja."

Mama Sifa aliweka kiganja chake kwenye udongo chini ya kijiti. Ulikuwa umechimbwa karibuni, ungali mwepesi. Mjukuu alikuwa amelala mgongoni mwake.

"Ndiyo, Papa," akasema. "Tulisahau."

Nilichukua lile bido nikaenda mtoni, maana kijiti kilikuwa bado kigeni pale, na jua lilikuwa limeanza kushuka.